Diski Sita za Bwana Diski

Asubuhi ambayo Bwana Diski hakuamka, kompyuta ya dukani kwake ilikuwa inawaka tangu jana yake, na kwenye kioo palikuwa na ujumbe: toleo jipya la mfumo liko tayari, je, unataka kupakua sasa? Mkewe aliingia kuizima baada ya mwili kuchukuliwa. Hakujibu swali. Alichomoa waya ukutani, kitu ambacho marehemu alikuwa akimkataza kila siku.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Walichapa mitihani ya shule, kadi za mialiko na ratiba za mazishi. Ratiba ya mazishi yake mwenyewe ilichapwa kwingine.

Jina la Bwana Diski alipewa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi kompyuta. Chanzo ni ubishi. Kila toleo jipya lilipotoka, fundi alimwambia alipakue tu hapo hapo alipoketi. Naye alikuwa akija juu.

"Kupakua, kupakua! Kinachopakuliwa kina chungu. Chungu hicho ni cha nani, na katia nini ndani?"

"Shemeji, unakula hotelini kila siku. Umewahi kwenda jikoni kumchungulia mpishi?"

"Mpishi namjua mpaka kwao. Mimi nataka kitu nikishike. Diski naiweka kabatini, mashine ikiharibika naitia tena. Hicho chako kiko wapi?"

"Kiko hewani."

"Basi kaa nacho hukohuko hewani."

Akala kiapo mbele ya mkewe kwamba katika nyumba ile mfumo hautaingia ila kwa diski. Na kweli, kila baada ya miaka miwili hivi alivaa shati la kutokea, akaaga kwamba anakwenda mjini kununua diski, akalala huko, akarudi kesho yake jioni na bahasha. Mke hakuwa na neno. Mumewe alikuwa mbishi, lakini hakuwahi kumdanganya, na hilo alijivunia kwa wenzake mpaka wakamchoka.

Mwezi wa pili wa msiba, fundi alikuja kuikagua kompyuta ili dada yake aendelee na kazi. Akazitoa kabatini bahasha sita, akaigeuza diski ya juu, akaielekeza kwenye mwanga.

"Dada, hizi alisema kanunua?"

"Mjini. Kwani vipi?"

"Diski ya kiwandani inang'aa chini kama fedha. Hii ina ukijani. Imechomwa, yaani imenakiliwa na mtu tu kwa kompyuta yake." Akazitazama zote. "Tena kampuni iliacha kuuza mfumo kwenye diski miaka minane iliyopita. Hizi nne za mwisho hakuna duka ambalo lingemuuzia."

"Labda walikuwa na akiba."

"Akiba ya kitu ambacho hakikutengenezwa?"

Mke akaichukua diski. Juu yake paliandikwa toleo na mwaka kwa kalamu ya wino mzito, herufi za duara zilizopangwa vizuri. Mwandiko wa mumewe ulikuwa nyayo za kuku. Siku zote aliamini ndivyo wanavyoandika dukani. Sasa aliziangalia zile herufi akaona mkono wa mwanamke.

"Usianze," fundi alisema.

"Sijasema kitu."

"Uso umeshasema."

Wiki nzima mke alipekua mifuko ya mashati ya marehemu. Nani huvaa shati la kutokea kwenda kununua diski? Kilichomtia uchungu zaidi ni kwamba machozi yalimkauka. Alitaka kumlilia mumewe, na sasa hakujua amlilie yupi: yule wa miaka yote, au mwenye nyumba ndogo mjini.

Ndani ya bahasha moja alikuta kibandiko cha duka la huduma za mtandao la mjini, mkabala na stendi. Hakumwambia mdogo wake. Alikwenda peke yake.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa uzi shingoni, akiandika jina kwenye faili la mteja. Herufi za duara.

"Karibu, dada. Kuchapa au kutuma?"

Mke akaweka diski mezani. "Hii umeandika wewe?"

Mama akavaa miwani. "Mzee wa diski! Hajambo? Mwaka huu kachelewa."

"Amefariki. Mimi ni mke wake."

Mama akakaa taratibu. "Jamani. Pole, dada, pole sana. Alikuwa akikutaja."

"Akinitaja vipi?"

"Kwamba usijue."

"Nisijue nini?"

"Kwamba anapakua. Alisema shemeji yake akisikia, atamcheka mpaka kaburini." Kisha akajishika mdomo.

Akatoa daftari la wateja: saa ya kuingia, saa ya kutoka, shughuli. Penye shughuli, kwa nyayo za kuku, Bwana Diski aliandika: kununua diski.

"Nikamwambia, mzee, andika kupakua. Akasema, kwanza niuzie diski tupu. Nikamuuzia. Akaniuliza, haya, nimenunua diski au sijanunua? Mke wangu simdanganyi! Na mwandiko alitaka niweke mimi, diski ionekane ya dukani."

Mke akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na katikati ya kicheko machozi yakarudi. Mama akamsogezea kiti.

Alipojifuta macho aliliangalia daftari tena. Safari za zamani aliingia saa tatu asubuhi na kutoka kesho yake mchana.

"Mtandao ulikuwa wa kutambaa," mama alisema. "Alilala kwenye benchi hilo, akiilinda kompyuta kama mgonjwa."

Safari mbili za mwisho aliingia saa tatu na kutoka saa sita, siku ileile.

"Siku hizi ni haraka, dada. Masaa matatu imekwisha."

Lakini safari hizo pia alirudi nyumbani kesho yake jioni.

"Akitoka hapa alikwenda wapi?"

Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo. Haikuwa na vumbi. "Aliniambia anarudi nyumbani."

Wakapeana namba za simu, wakaagana kwa heshima.

Duka la kuchapa sasa linafunguliwa kila siku saa mbili, na mke ndiye anayechapa mitihani. Namba ya yule mama anayo kwenye simu, na yule mama anayo ya kwake. Mpaka leo hakuna aliyempigia mwenzake.