Kando ya Ukuta

Dada alivua viatu kabla hajaambiwa na mtu. Alivishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili umekumbatia sinia lililofungwa kwenye shuka, akaingia katika ukumbi wa lile jumba. Wageni wengine walikuwa wamesimama katikati, chini ya taa ya vioo, shingo juu kama kuku wanaokunywa maji. Yeye hakwenda katikati. Alikata kulia akaufuata ukuta, bega likiukaribia bila kuugusa, akazunguka pembe ya kwanza, akazunguka ya pili, mpaka akafika dirishani upande wa pili. Sakafu ya mbao haikutoa hata mlio. Binti aliyekuwa akituongoza alikuwa katikati ya maneno. Aliyaacha hapo hapo, yakaning'inia.

Mimi nilikuwa nyuma ya dada yangu. Nilipotazama chini nikaona nami ni peku, viatu viko mkononi.

Nyumba tuliyokulia sisi ilikuwa na vyumba viwili, na vyombo vyake vyote vilikaa katikati. Kabati, meza, viti, hata kitanda cha mama, vyote vilisongamana katikati ya chumba kama mbuzi waliokimbia mvua, na kandokando ya kuta pakaachwa njia tupu ya kupita mtu mmoja. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Fundi cherehani wa mtaani, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, alisema ukiingia kwetu hujui kama watu wanahamia au wanahama. Mama hakujali. "Katikati si pa kupita," alikuwa akisema. Tulipita ukutani, miguu mitupu, kimya. Ukisikika, mwiko. Haukukupata mgongoni wala makalioni, ulikupata nyuma ya mguu, kwenye kigimbi, mara moja, kisha mama anarudi kukoroga chungu chake. "Mtu mwenye adabu hasikiki."

Adabu hiyo, tuliambiwa, ilitoka jumbani. Mama yake bibi yetu, ambaye sote tulimwita Bibi Mkuu ingawa hakuna aliyewahi kumwona, alilelewa na mke wa mwenye mashamba kama mtoto wa kumzaa mwenyewe. Alikula meza moja na mabinti wa bwana. Alipoolewa alipewa sinia la shaba, ukingo wake umechongwa majani. Sinia hilo lilikaa juu ya kabati na halikuwahi kuwekwa chakula. Lilikuwa ushahidi wetu. Mwenye shaka alielekezwa kidole huko juu, na shaka yake ikaishia hapo.

Mimi maisha ya kunyata yalinishinda mapema. Niliondoka nyumbani kabla ndevu hazijaota, nikapika kwenye meli za mizigo, nikachimba mitaro, nikalinda maghala ya watu ambao sikuwahi kuwaona nyuso. Shule nimesoma vipande vipande, darasa huku, darasa kule, kama mtu anayeokota nguo zilizopeperushwa na upepo. Dada hakuniita jina langu tena, aliniita Kiguu-na-njia. Lakini niliyetoroka ni mimi, miguu yangu haikutoroka. Katika meli moja mpishi mkuu alinibandika jina la Panya, kwa kuwa kila chumba nilikizunguka ukutani. "Panya," alikuwa akinipigia kelele mbele ya wenzangu, "pita katikati bwana, humu hakuna paka!" Nilicheka pamoja nao. Moyoni nilijisemea, hawa hawana malezi.

Dada alibaki. Alimzika mama, akamzika mume, mtoto hakujaliwa, na katika hayo yote alikuwa na kitu kimoja cha kusimamia. Mawifi zake walipomsimanga kwa ufukara aliwajibu bila kupandisha sauti: "Sisi tumekula meza moja na wenye nchi." Basi zilipomfikia habari kwamba jumba limefanywa makumbusho, na kwamba wanapokea vitu vilivyotoka humo pamoja na habari za wenyewe, aliniita nirudi. Nilimkuta akilisugua sinia kwa ndimu na majivu, mpaka ukilitazama unajiona.

"Litakaa chumba cha kulia, huko juu," akaniambia. "Na maelezo yake pembeni. Bibi Mkuu atakaa na wenzake."

"Na wewe ubaki na nini?"

"Mimi nakufa leo kesho. Nikishaondoka, nani atamtaja? Wewe? Wewe hata kaburi lako hujui litachimbwa wapi."

Tukakodi gari, dada kavaa gauni lake la mazishi na harusi, sinia magotini kama mtoto anayepelekwa kuonyeshwa kwa babu. Pale mlangoni yule binti mwongozaji alimwinamia. "Shikamoo bibi. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu. Tumerudi nyumbani."

Binti alitabasamu kama mtu aliyekabidhiwa kitu asichojua akiweke wapi.

Hapo ndipo tulipoingia ukumbini.

"Bibi," binti akasema sasa, sauti yake imeshuka, "samahani. Nani alikufundisha kutembea hivyo?"

"Kwetu tunatembea hivi. Sisi ni watu wa humu."

Binti hakumtazama usoni. Alitazama miguu yake, na mimi nikatazama hapo hapo. Kando ya ukuta mbao zilikuwa zimelika. Palikuwa na mfuo usio na kina, laini, unaong'aa kama sabuni iliyotumika sana, upana wake wa unyayo mmoja, umezunguka ukumbi wote kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa chumba cha kulia. Dada alikuwa amesimama ndani yake. Nami nilikuwa ndani yake. Mguu wangu ulikaa humo kama kisu kwenye ala.

Maneno yaliyofuata binti yule alikuwa ameyasema mara nyingi, ilionekana, lakini siku ile aliyatafuta moja moja. Alisema watumwa waliohudumu ndani ya jumba walikatazwa kupita katikati ya ukumbi. Mbao za katikati zililegezwa kwa makusudi ili zilie. Bwana hakutaka kuwasikia wala kuwaona wakipita baina yake na wageni wake, kwa hiyo walipita ukutani, peku. "Ambaye mguu wake ulisikika," akasema, akaelekeza kisanduku cha kioo chenye ufito mwembamba mweusi, "alichapwa kwa huu. Hapa." Akainama akagusa kigimbi chake mwenyewe.

Nimepigwa na mengi katika maisha ya kutangatanga. Sijui kwa nini kilichoniuma pale ni mwiko wa mama.

Mwanamume mmoja miongoni mwa wageni aliinua kamera kuelekea miguu ya dada. Nikajisogeza mbele yake. "Ndugu yangu, ishushe hiyo." Akaishusha.

"Hao walikuwa watumwa," dada akasema kutoka dirishani. Hakusema na mtu. "Wetu alikula mezani."

Akaifungua shuka kwa haraka, vidole vinagombana na fundo. "Sinia lake hili hapa. Alipewa na mama wa nyumba. Tazama majani."

Binti alilipokea kwa mikono miwili. Hakuyatazama majani. Alitugeukia, akatuongoza mlangoni mwa chumba cha kulia, akatuonyesha rafu. Yalikuwa yamepangwa huko masinia ya shaba, yote na majani yale yale ukingoni, na kati yao nafasi moja tupu.

"Haya yalikuwa ya kupelekea chai, bibi," akasema polepole. "Waliyabeba wao. Tukikubaliana, hili tutaliweka chini, katika chumba walimolala. Ndiko tunakowaweka wao."

"Chini?"

"Chini, bibi."

"Juu kuna nafasi," dada akasema. "Naiona nikiwa hapa."

Binti akatangulia ngazini. Tukashuka naye.

Chumba cha chini kilikuwa na dari fupi, nikajigonga paji la uso kama mgeni asiyebisha hodi. Hakikuwa na kitu, kuta za mawe tu na kidirisha kimoja kilichokaa usawa wa ardhi ya nje. Katika kidirisha hicho ilikuwa ikipita miguu ya wageni waliokuwa wakizunguka bustani. Dada alisimama akiitazama kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau kilichomleta.

"Wote wamevaa viatu," akasema.

Kisha akamgeukia binti. "Walikuwa wakila wapi?"

"Jikoni, bibi. Wamesimama. Yaliyobaki."

Dada aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeambiwa bei ya chumvi. Alinyoosha mikono, binti akamrudishia sinia bila kuuliza. Dada akalifunga tena, fundo juu ya fundo.

"Nitarudi nalo, mwanangu. Usinione mbaya."

"Hapana bibi, ni lako. Lakini tuachie hata jina lake." Sauti ya binti ilikuwa ya mtu anayeomba kweli. "Wenye jumba hawakuyaandika majina ya watu hawa. Tunayatafuta kwa watu kama nyinyi. Aliitwa nani?"

Dada alifumbua kinywa.

Mimi nilikuwa nikimtazama, kwa hiyo niliona alivyolitafuta. Alilitafuta kwa mama, akalitafuta kwa bibi, macho yake yakarudi kwangu, nami nikalitafuta nilikoweza, nikakuta pale pale alipokuta yeye. Bibi Mkuu. Maisha yetu yote tulimwita Bibi Mkuu. Tulijua alikula nini, na mabinti gani, kwenye meza ya namna gani. Jina lake hatukuwa nalo. Hakuna aliyewahi kutupa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

"Nitalikumbuka," dada akasema. "Nitakuletea."

Garini alikaa na viatu mapajani juu ya sinia. Tulikuwa tumeyapita mashamba yote alipouliza, "Mama alijua?"

"Sijui, dada."

"Alijua." Akageukia dirisha. "Ndiyo maana alikuwa akipiga mara moja tu."

Nimelifikiri sana jambo hilo, katika vyumba vya kupanga na kwenye mabenchi ya stesheni. Mahali fulani, zamani, mtoto alimuuliza mama yake kwa nini tunapita ukutani. Na mwanamke yule, mwenye vigimbi vyenye makovu, akaangalia uso wa mtoto, akaona hawezi. Akamwambia ni kwa sababu sisi ni watu wakubwa. Mtoto akalala. Siwezi kumlaumu. Ningekuwa mimi ningetunga uongo mkubwa zaidi. Lakini aliufunga uongo wake kwa adabu ile ile, na adabu ikatufuata, kizazi baada ya kizazi, ikitushika vifundo vya miguu.

Niliondoka kesho yake, kama kawaida yangu. Safari hii sikukaa sana kabla ya kurudi. Nilifika mtaani mchana wa jua kali, nikapiga hodi, nikasikia "Karibu" ya dada kutoka ndani. Nikavua viatu. Nikaingia, nikakata kulia, goti likagonga kabati.

Kabati lilikuwa ukutani. Meza ilikuwa ukutani, viti, kitanda, sanduku la mama, vyote vimebanwa kwenye kuta pembe zote nne, hakuna pa kupitisha hata mkono. Sijui alivisukuma na nani, mwanamke wa umri ule. Katikati palikuwa patupu, sakafu pana kuliko nilivyowahi kuidhania, na huko mwisho wake dada alikuwa amekaa chini, sinia mbele yake, mkate na vikombe viwili vya chai juu ya sinia.

"Pita," akaniambia.

"Nipite wapi?"

Alikuwa akimega mkate, na mkate ule ulisikika.

Nimevuka bahari mimi, nimevuka mipaka bila karatasi. Nilisimama pale mlangoni na viatu mkononi, nikiitazama ile sakafu, na chai ikapoa.