Jani Ambalo Hakulivunja

Bi Miche alijivunia jambo moja, wala hakulificha: tangu aanze kuuza miche hajawahi kumpa mteja mti asiouomba. Wenzake walitegemea vibandiko, na mvua ikifuta maandishi wanabaki kubahatisha. Yeye alivunja jani akanusa. Likitoa maziwa, ni fikasi, na fikasi aliwauzia wenye viwanja vipana tu, maana mizizi yake haina adabu, hupenya mpaka chini ya kitanda cha mtu.

Binti yake alipoolewa, alimzawadia mche wa kivuli, ule usiopukutisha majani mwaka mzima na ambao mizizi yake huzama chini ikatulia. Ulikuwa na majani sita tu. Aliona huruma kuivunjia zawadi jani, akaufunga utepe hivyo hivyo.

Miaka minane ikapita. Kitalu hakina likizo, kwa hiyo binti ndiye aliyekuja kwa mama, akileta wajukuu, sifa za mti na lalamiko moja: mumewe ni fundi mwashi, lakini ukuta wa chumba chao haukosi ufa. Bi Miche alicheka na kuwasimulia wateja. "Mkwe wangu hodari kwa nyumba za watu. Kwake plasta haishiki!"

Binti alipojifungua mtoto wa tatu, bibi akafunga kitalu, akashika njia.

Mti aliuona kabla ya nyumba. Ulikuwa umependeza, mzito, kijani kitupu, na wajukuu wawili walikuwa wamejilaza kwenye mkeka chini yake. Mkwe akampokea mzigo kwa mikono miwili.

"Karibu mama. Pole na safari."

"Nimeshapoa, baba. Mti mmeutunza!"

"Umejitunza wenyewe," akajibu, macho pembeni.

Kwa mazoea tu, Bi Miche akachuma jani akalivunja. Maziwa yakamchuruzika kidoleni. Akavunja la pili, kana kwamba la kwanza limemsingizia. Maziwa tena.

Akazunguka mpaka ukutani. Ufa ulikuwa umepanda kutoka msingini hadi dirishani, na juu yake kulikuwa na viraka vya plasta, cha zamani kimefifia, cha karibuni bado kibichi. Alihesabu saba. Kila kimoja kilikuwa kimelainishwa kwa mkono wa fundi anayeijua kazi yake.

"Umejua tangu lini?"

Mkwe akajikuna kichwa. "Tangu ufa wa kwanza. Nilichimba nikakuta mzizi."

"Na mwenzio?"

"Nilimwambia ardhi ya hapa inatitia."

"Ukanyamaza, nami huku nakuchekea mbele za watu!"

"Ningesemaje, mama? Kila mgeni akija, binti yako anamwambia mama yake hakosei mti."

Bi Miche akajiangusha mkekani. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na kwa upande wa ukuta ilikuwa imeshaanza. Kukosea kulimuuma, ila kilichomchoma zaidi ni kicheko chake mwenyewe. Mtu huyu alikuwa ameacha jina lake lichafuke ili la mama mkwe wake libaki safi.

"Lete msumeno," akasema. "Chumba hicho kina mtoto wa siku nne."

"Mti huu siukati, mama. Watoto watalala wapi mchana?"

Binti akatokea mlangoni na kichanga kifuani. Bi Miche hakumpa nafasi ya kusalimia. "Mwanangu, ardhi haititii. Nilikupa fikasi. Mumeo anajua miaka yote, ananisitiri."

Binti akautazama ukuta, akamtazama mumewe, machozi yakamlengalenga. Alimkabidhi mumewe mtoto, akaenda mwenyewe kuleta jembe.

Kwa siku tatu walichimba handaki kati ya mti na nyumba. Bi Miche alionyesha mizizi ya kukata na ya kuacha, mkwe akajenga ukuta wa zege chini ya ardhi. Wakakubaliana: ufa ukirudi, mti unakatwa, hakuna mjadala.

Asubuhi aliyofungua kitalu, mteja wa kwanza aliulizia fikasi. Bi Miche akavunja jani, akamwonyesha maziwa.

"Usiupande karibu na nyumba," akamwambia. "Labda uwe na mkwe kama wangu. Hakuna fundi anayemfikia, na niliyekuwa nikimsema vibaya ni mimi."