Saluni ya Bluu, Mkaza Mjomba na Matikiti Mawili

Mjomba wangu ni mwalimu wa udereva. Kutwa nzima hukaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya akiba, huku mtu mwenye mikono inayotetemeka akimpeleka ukutani kwa mwendo wa konokono. Kwa hiyo ninaposema kwamba alilipenda lile gari aliloliona dukani, naomba nieleweke vizuri: alilipenda kama mgonjwa aliyelazwa anavyopenda chakula cha nyumbani.

Lilikuwa gari dogo la kifahari la aina ya saluni, la bluu iliyokolea, milango minne, limekaa chinichini kama paka aliyeona kitu kikipita ukutani. Halikuwa na mapambo ya kujishaua. Ukilitazama ulijua tu kwamba limetengenezwa na watu wanaopenda kuendesha, si wanaopenda kuonekana wameegesha.

Kikwazo kilikuwa mkaza mjomba. Alikuwa na mimba ya mapacha, na tayari alikuwa amechagua basi dogo jeupe, lenye umbo la jokofu lililolazwa. Mjomba aliomba jambo moja tu: kabla hawajalichukua hilo jokofu, mkewe aiendeshe hii saluni mara moja. Akiikataa, basi, yameisha. Mkaza mjomba akakubali, kwa sharti kwamba nami niwepo kama shahidi asiyeegemea upande wowote. Nilikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, ambako nimefundishwa kuzungumza kana kwamba kila siku kuna mgeni rasmi. Ndiyo maana nyumbani wananiita Mheshimiwa.

Niliupokea wadhifa huo kwa uzito unaostahili. Nikapita sokoni, nikachagua matikiti mawili yanayolingana, nikayachora macho na midomo, kisha pale duka la magari nikayafunga mikanda ndani ya saluni, kwenye viti vya watoto ambavyo mjomba alikuwa amevinunua hata kabla ya nepi.

"Hawa ni nani?" muuzaji wa magari akauliza.

"Abiria," nikasema. "Wa kushoto amechukua sura ya baba."

Muuzaji akalitazama tikiti, akamtazama mjomba, akatoa ufunguo.

Mjomba aliendesha kwanza, mkewe kando yake, nami nikabanwa nyuma katikati ya binamu zangu watarajiwa. Kwa haki kabisa niseme: katikati pale si kiti, ni kichuguu kilichofunikwa ngozi. Na tuta la kwanza lilinifikia mgongoni bila kupunguzwa makali, maana springi ni ngumu. Lakini tulipofika kwenye kona, malalamiko yangu yote yalinitoka kichwani. Kwa maelezo ya mjomba, usukani una uzito wa kutosha mkono kujua unafanya kazi. Ukiusogeza upana wa kidole, pua ya gari inasogea upana wa kidole, haiongezi wala haipunguzi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, kwa hiyo unalisikia gari kiunoni, likijizungusha kukuzunguka wewe dereva. Matikiti hayakutikisika. Mjomba alikuwa akitabasamu peke yake kama mtu aliyekumbuka barua ya mapenzi.

"Sasa zamu yako, mke wangu," akasema, akasimamisha kando ya barabara.

Gari lile lina kitufe cha kuzungusha, chenye tabia mbili. Mjomba aliziita Mpole na Mtundu. Kabla ya kushuka alikirudisha taratibu kwenye Mpole, ili mkewe adhani ni gari la kwendea kliniki. Nilimwona. Shahidi huona mambo mengi.

Mkaza mjomba ni fundi cherehani. Kabla ya kuwasha alipitisha kidole kwenye mshono wa kiti, akaguna. Lilikuwa guno la kuridhika. Tukaondoka. Hatukufika mbali.

"Kioo," mjomba akasema. "Ishara. Kioo tena. Pumzisha bega."

"Mwalimu," akaita mkewe, ambaye humwita hivyo kwa sababu ndiye aliyemfundisha kuendesha.

"Naam."

"Leseni ninayo au sina?"

"Unayo."

"Hamia nyuma."

Mjomba akahamia nyuma, kwenye kichuguu, magoti karibu na masikio, tikiti kulia, tikiti kushoto. Mimi nikapandishwa cheo hadi kiti cha mbele, kitufe kikiwa mbele yangu. Barabara ilianza kupanda mlima kwa kona fupi fupi. Nikanyoosha mkono, nikakizungusha.

Injini ikashusha pumzi, ikashuka gia moja, ikaunguruma kwa sauti ya chini. Mjomba akafumba macho.

"Nini hicho?" mkaza mjomba akauliza.

"Limeamka," nikasema.

Hakuongeza mwendo kupita kikomo cha vibao vya barabarani. Alichofanya ni kuanza kuzishona zile kona. Alikanyaga breki mapema, akageuza mara moja tu, akaachia, akakanyaga mafuta kidogo kidogo, na gari likatoka kila kona limenyooka kama uzi. Kona ya nne aliipita akinong'ona.

"Unasemaje?" mjomba akauliza kwa woga.

"Nasema linasikiliza. Mashine mbaya ukiiomba mshono mmoja inakupa kumi. Hili ukiomba kidogo, linakupa kidogo." Akaipita kona ya tano. "Ni la kwanza kunisikiliza katika familia hii."

Nikamgeukia mjomba nimpongeze. Alikuwa amekunja uso. Alijitazama magoti, akapima kwa kiganja nafasi kati ya kiti cha mtoto na kiti cha dereva, akapima tena.

"Mke wangu, simama kidogo," akasema. Mkewe aliposimamisha gari, mjomba akaendelea, "Nilitaka sana ulipende. Bado nataka. Lakini huku ni padogo, siwezi kukuficha. Wakikua kidogo tu watakuwa wanakupiga mateke mgongoni."

Alikuwa ameshinda, kisha akaurudisha ushindi mwenyewe. Sijawahi kumheshimu kiasi kile, na mimi humheshimu kwa nadra.

Mkaza mjomba akaweka mkono tumboni.

"Mwalimu, hawa wananipiga mateke kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mgongoni nitaona wamenihurumia." Akarekebisha kioo. "Lile jeupe waambie wampe mwingine. Tunachukua hili."

Mjomba akavuta kitasa kushuka, nadhani ili aje mbele amkumbatie. Mlango haukufunguka kutoka ndani. Akajaribu wa pili. Taarifa yangu rasmi inasema hivi: kufuli za watoto zimepimwa na shahidi, zinafanya kazi vizuri pande zote mbili.

"Mheshimiwa," mjomba akasema, "nifungulie."

"Mwache," mkaza mjomba akasema, akiingiza gia. "Hii barabara inaishia wapi?"

"Sijui," nikasema.

"Basi funga mkanda vizuri. Tukaone."

Nyuma, mjomba akakumbatia tikiti moja kila upande, akaacha kona zimbebe.