Madirisha ya Tramu

Dirisha la tatu la tramu ndogo ya mfano lilipasuka mikononi mwa baba. Alikuwa amechovya kijiti cha meno kwenye gundi nyeupe, akakizungusha ukingoni mwa kitundu kisichozidi ukucha, kisha akavuta utando mwembamba kama wa maziwa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Utando ulishika, ukatetema, ukaachia. Akapangusa kwa kitambaa kibichi, akaanza upya.

"Gundi ya kubandikia makaratasi ya chekechea," alinung'unika. "Mimi niliyeendesha tramu yenyewe kwenye reli za mjini."

Gundi ilikuwa ya darasani kwangu, ninakofundisha. Nilimletea baada ya ile gundi kali kuyatia ukungu madirisha ya plastiki aliyoyakata mwanzo. Hii nyeupe hukauka ikawa angavu kama kioo, ila inataka subira, na asubuhi ile subira ilikuwa imehama nyumbani kwetu mtaa wa Bacos. Mama alikuwa kwenye meza ya upasuaji, moyo wake mikononi mwa watu. Wauguzi walichoshwa na baba aliyekuwa akizurura ukumbini, wakamwambia akasubiri nyumbani. Kaka yangu Wagdi alibaki kule. Mimi nikamrudisha mzee.

Hakukaa. Alichungulia barabarani, akafungua bomba la jikoni akalifunga bila kunywa, akarudi kwenye meza ya chakula, ambayo tramu ile ya mbao na kadibodi ilikuwa imeiteka tangu msimu wa baridi. Mama alizoea kula sahani ikiwa mapajani, akiuliza tutashushwa kituo gani.

"Inshirah," aliniita bila kuinua macho. "Daktari aliniambia moyo wake umechoka sana. Huenda asiamke. Mama yako aliponiuliza, nikamwambia ni jambo dogo, kama kung'oa jino."

Kijiti kilisimama hewani.

"Asipoamka, ni mimi niliyempeleka."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, likiniunguza. Alfajiri ile nilikuwa nikimsuka mama nywele, mgongo wake ukiwa umeegemea magoti yangu. "Baba yako hajui kudanganya," aliniambia taratibu. "Nilimuuliza daktari mwenyewe, akanieleza yote. Nakwenda kwa hiari yangu. Lakini Bahgat wangu akijua kwamba najua, miguu itamwisha nguvu, na nani atanishika mkono mpaka mlangoni? Usimwambie." Nikamwahidi, nikafunga msuko.

Sasa baba alikuwa mbele yangu, mabega yameshuka, akisubiri nimhukumu. Nikatafuta maneno yasiyovunja ahadi, wala kumwacha azame.

"Mama si mtu wa kupelekwa, baba," nikasema. "Uliwahi kumpeleka wapi asikotaka kwenda?"

Alifikiri kwa makini, kama mtu anayepita vituo vya maisha yake kimoja kimoja. Pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Hata harusini alitangulia," akasema.

Simu ikalia. Vidole vyake vilikuwa vimegandamana kwa gundi; alivitazama, akanitazama, akanionyesha simu kwa kidevu. Alikuwa Wagdi. Mama alikuwa ameamka, na alichouliza kwanza ni kama kuna aliyekumbuka kuloweka maharage.

Baba alikaa kitini, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Madirisha yakakauka bila mtu wa kuyaangalia.

Mama alirudi, akaishi miaka. Juma lile lile alilorudi, baba alinivuta kando: mama yako asije akajua nilichokwambia. Jioni, mama naye akanivuta: ulinyamaza, eh? Endelea hivyo hivyo.

Ijumaa moja jirani alikuja kula nasi. Baba akapata msikilizaji. "Siku ya upasuaji huyu alikuwa anatetemeka," alisema kwa majivuno. "Nikamwambia ni kama kung'oa jino. Na si ndivyo ilivyokuwa?"

Niliinamia sahani yangu. Mama alikuwa akichambua samaki. Aliondoa mwiba wa mwisho, akamwekea baba kipande kilicho safi.

"Ndivyo," akasema. "Bila yeye nisingethubutu."