Vitu vya Nje

Taa ndogo ya kijani ndiyo Scola aliyoiona kwanza. Ilipepesa mara tatu, kisha pampu ikanyamaza. Alikuwa peke yake ndani ya nyumba ya pampu, ameinama na ufagio. Baba yake mdogo, Mabula, mtunza pampu, alikuwa nje anaongea na wachunga ng'ombe.

Ikatokea tena kesho yake, na keshokutwa. Kijiji kizima cha Ngulyati kikaanza kumtazama Mabula kwa jicho la pembeni. Funguo anazo yeye tu. Nani mwingine angekata maji? Jumanne peke yake ndiyo yalitoka kutwa nzima.

"Siku hiyo alikuwa ameshiba," walicheka akina mama bombani.

Ijumaa akaja Felisita, mkaguzi kutoka wilayani, na karatasi ya sheria mpya. Aliisomea kamati ya maji mlangoni pa nyumba ya pampu: vifaa vya nje vinavyoendesha mitambo ya maji na umeme vikaguliwe, na vya nchi zisizotutakia mema viondolewe.

"Vya nje viondolewe?" akadakia Nyanjige, mmoja wa wale akina mama wa bombani. "Basi ng'oa bomba, mama. Si liko nje!"

Watu wakaangua kicheko. Felisita hakucheka. Alikuwa anakitazama kisanduku cheupe ukutani, chenye taa ya kijani na mkia wa waya juu yake.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Kililetwa na wageni wa ng'ambo waliofunga pampu," alijibu mzee Limbu, mwenyekiti wa kamati. "Kinahesabu lita tu. Adui usimtafute ng'ambo, mama mkaguzi. Huyu hapa, funguo kiunoni."

"Mimi, mzee Limbu?" Mabula akauliza.

"Zitoe. Leo unaziacha."

Mabula akaanza kuzifungua kwenye mkanda. Scola, aliyeishia darasa la tano na asiyewahi kufungua kinywa mkutanoni, akauegemeza ufagio ukutani.

"Shikamoo, mama," akamwambia Felisita, ingawa walikwisha salimiana asubuhi. "Hiyo taa inapepesa mara tatu, halafu pampu inazimika. Mimi huwa humu ndani. Hakuna mtu anayeigusa. Jumanne niliufunika ule mkia kwa sufuria ya uji, mpaka jioni, na pampu haikuzimika hata mara moja. Niliona kama hicho kisanduku kinamsikia mtu wa mbali, kama redio, nikakiziba masikio. Sikumwambia mtu. Hata baba mdogo sikumwambia."