Mguu Usiloweshwe

Ng'washi alikuwa amebakiza mistari sita ya miche. Aliinama kwenye jaruba la kijiji pale Ubaruku, mguu wa kulia matopeni, na wa kushoto matopeni vilevile, ila huo ulikuwa ndani ya mfuko wa nailoni wa mbolea, umefungwa chini ya goti kwa ukanda wa tairi la baiskeli. Mfuko ulikuwa unaingiza maji tangu siku ya kwanza ya kupanda. Kila siku alikuwa anaumwaga, anaufunga tena, anaendelea. Leo hakuumwaga. Leo ilikuwa siku ya nane tangu sindano ya mwisho, na siku ya nane alitakiwa awe hospitali, Mbeya, achomwe dawa.

Ndani ya mfuko ule, juu kidogo ya kifundo, kulikuwa na mpira mwembamba ulioshonewa kwenye mshipa. Mishipa ya mikono ilikwisha. Dawa ya kansa iliikausha mmoja mmoja ikawa migumu kama ukambaa, na safari moja dawa ilivuja nje ya mshipa, nyama ya mkono ikaoza wiki tatu. Ndipo daktari akamkata mguuni, akautafuta mshipa, akaingiza mpira na kuuziba kwa kizibo. Ukae humohumo mpaka dozi ya siku ya nane, alisema. Wodini watu walikuwa wanalala wawili wawili kitanda kimoja, kwa hiyo Ng'washi akarudishwa nyumbani na cheti: mguu usiloweshwe.

Cheti alikipeleka kwa Ndugu Marcelino, katibu wa kijiji. Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, kilimo cha kufa na kupona, na bila barua ya katibu hupandi lori wala basi. Marcelino alikisoma mara mbili. Si mtu wa kufanya mambo juujuu, yule.

"Kinasema usiloweshe mguu," alisema. "Hakisemi umesamehewa kazi."

"Ndugu Katibu, mpunga unapandwa kwenye maji."

"Kwani mimi ndiye niliyeuweka kwenye maji? Hapa umekuja kwa miguu yako. Anayeweza kutembea anaweza kupanda. Wewe maliza kipande chako, mama, barua nakugongea muhuri siku hiyohiyo."

Bujiku, mumewe, alitaka kumfanyia. Akakataliwa, alikuwa na kipande chake mwenyewe, na daftari la kazi halikuruhusu mtu mmoja kuandikwa mara mbili. Basi, ndiyo hivyo. Ng'washi alipanda siku nne. Hakutaka makubwa. Uvimbe wa shingoni ulikuwa umeanza kunywea, na alitaka uendelee kunywea. Alitaka kuishi, apike, agombane na Bujiku, amwone binti yake Mbuke akiolewa.

Saa tatu asubuhi akamaliza. Marcelino alitimiza ahadi, tena akaongeza sentensi moja ya sifa kabla ya kugonga muhuri.

Lori la mpunga lilimfikisha Mbeya saa tisa alasiri. Njia nzima alikaa juu ya magunia, mguu ukipwita, kijasho chembamba kikimtoka kwenye baridi. Alijua kuna jambo limeharibika. Alijaribu kuogopa, akashindwa, alichoka mno.

Sista Tusajigwe, muuguzi aliyemfunga bandeji wiki iliyopita, ndiye aliyeifungua. Harufu ilitangulia. Nyuzi zilikuwa zimezama kwenye nyama iliyovimba, na pembeni ya mpira usaha ulikuwa unatoka pamoja na tope.

"Mwe! Mama, nilikuambia nini?"

"Usiloweshe."

"Sasa hii nini? Tulikupa mpira ili usikatwe tena, wewe unakwenda kuuchezea kwenye matope? Nyie watu mkoje?"

Ng'washi alifungua pindo la kanga akampa barua. Sista aliisoma akiwa amesimama: Mama Ng'washi ni mchapakazi wa mfano, ametimiza kipande chake cha kupanda mpunga katika shamba la kijiji, aruhusiwe kusafiri siku mbili kwa matibabu. Alipofika mwisho akaketi ukingoni mwa kitanda cha mtu mwingine.

"Siku ngapi ulipanda?"

"Nne."

Daktari alikuja, akatazama, akauvuta mpira ukatoka. Alisema kwa haraka, macho yakiwa kwenye mguu: dawa ya kansa inadhoofisha damu, akichomwa akiwa na usaha huu, wiki haimalizi. Achomwe penisilini, mguu ukauke kabisa, arudi baada ya wiki mbili. Mpira mwingine watautia mguu wa kulia. Akaondoka.

"Na wa kulia ukiharibika?" aliuliza Ng'washi.

Sista alikuwa anafunga bandeji mpya. Aliendelea kufunga.

"Usiharibike," alisema baadaye. "Nitakuandikia cheti kingine."

"Kile cha kwanza bado anacho Katibu."

"Nitaandika kwa herufi kubwa."

"Jumatatu palizi inaanza, Sista. Palizi nayo ni majini."

Muuguzi alimpa sindano, akampa vidonge kwenye kikaratasi, akaitwa wodi nyingine.

Ng'washi alitoka mpaka barazani, akatandika kanga kwenye sakafu ya saruji kando ya mlango, akaketi. Akaunyosha mguu wa kushoto mbele yake, mweupe kwa bandeji, mkavu. Jioni Yohane, mlinzi, alikuja akipiga kengele.

"Muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, mama. Tuondoke."

"Mimi ndiye mgonjwa."

"Kitanda namba ngapi?"

"Sina," alisema, akampa barua.

"Sasa mama, utakuwaje mgonjwa bila kitanda? Barua yako hii ni ya siku mbili. Kesho utakuwa mzururaji, watakukamata."

"Wakinikamata watanilaza mahali pakavu?"

Yohane alikuna kichwa. "Pakavu, nadhani."

"Basi wanikamate. Ubaruku sirudi mpaka mguu ukauke. Wiki mbili."

"Unaziba njia, mama."

"Watapita."

Yohane akaenda kupiga kengele yake upande wa pili. Daktari alitoka na mkoba wake, anakwenda nyumbani. Alipofika mlangoni akauruka ule mguu bila kuutazama. Ng'washi hakuukunja.