Gundi ya Kiti cha Mkuu wa Idara

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo ndani ya beseni la maabara, maji kifuani, nimevaa suti ya usaili. Usaili ni leo: nautaka ukuu wa idara, na sitajifanya siutaki.

Kazi yangu chuoni ni kubuni kwa kompyuta vipande vya plastiki ambavyo, ukivitikisa majini, vinajiunga vyenyewe vikawa sanduku. Shughuli yote iko kwenye gundi. Ikiwa hafifu mno, hakijengeki kitu. Ikiwa kali mno, kipande kilichokosea mahali hakibanduki tena.

Kipande cha pembetatu kinanijia kikielea.

"Shikamoo, Mwalimu Tumpale. Jana uliongeza gundi."

"Marahaba. Nilikuwa na haraka."

"Basi njoo uone haraka yako."

Vipande vimejiunga vikawa kikao cha idara. Mlango uko darini. Wajumbe wamenatana viwiko, mmoja akinyoosha mkono wote wananyoosha, na hoja zinapita vizuri sana.

Beseni sasa ni ofisi. Profesa Ngairo, mkuu wetu ambaye amekuwa akistaafu tangu nikiwa mwanafunzi, amenata kitini.

"Mdogo wangu, nibandue," anasema. "Kila mwaka naagwa. Wananipikia pilau, wananivisha mashada, halafu kiti hakiniachii."

Nilimwonea huruma, ila si nyingi. Nikamvuta. Akatoka, suruali ikabaki. Kabla hajamaliza kushukuru, nilikuwa nimeshakaa mimi, juu ya sponji ya kijani yenye joto lake bado. Raha niliyoisikia ilinitia aibu.

"Mwalimu, hapo si pako," kipande kinasema. "Umbo lako halikai. Mtikisiko ukija, jiachie."

Ofisi inatikisika. Walimu wanabanduka, wanageuka, wanaungana upya, kila mmoja anapoenea. Sanduku linasimama, zuri kuliko yote niliyowahi kubuni, limebakiza upande mmoja wazi.

"Wanakungoja wewe."

"Waendelee kungoja," nikajibu, nikakishikilia kiti kwa mikono miwili.

Nikaamka kumekucha. Mke wangu Sekela alikuwa amesimama kando ya kitanda, ananitazama makalioni.

"Baba Ipyana, umekalia nini?"

Nikapapasa. Kwenye bukta yangu kulikuwa na kipande cha sponji ya kijani, kimenata.

"Kitoe basi, uende kwa watu ukiwa nadhifu."

Nikakivuta mara moja tu, taratibu, kisije kikatoka.